Nani Aliyeona?

Mkunazini, Unguja Mjini
9 Januari 1956

Mwanangu Klementi,

Pokea huko Kizimkazi salamu za nyumba nzima, na za jirani pia, maana kila nikipita dukani kwa Pyarali ananiuliza, "Mwalimu wetu yuko wapi?" Mimi mzima, magoti tu yananisumbua nikipanda ngazi. Paa la jikoni linavuja tena. Paka kazaa ndani ya kapu la nguo zangu za kanisani, nami sina moyo wa kumtoa. Bibi yako hajambo.

Sasa tuje kwenye lililonishikisha kalamu. Krismasi imepita na hukuonekana. Nikasema, kazi mpya, skuli mpya, pengine kakosa gari. Kumbe gari lipo! Simai dereva kaniambia mwenyewe kwamba siku ya mkesha alikukuta barazani unakunywa kahawa, akakwambia, "Mwalimu, panda twende mjini," nawe ukamjibu, "Mimi sina sikukuu." Huna sikukuu! Wewe uliyezaliwa katika nyumba ambayo kengele ya kanisa ikilia, vikombe vinatikisika kabatini!

Ndipo nikaikumbuka barua yako ya Kampala, uliponiandikia kwamba umesoma vitabu na sasa huwezi tena kusema kwamba yaliyomo ndani ya Injili yalitokea. Niliinyamazia. Nilidhani ni homa ya chuo, itapoa ukirudi.

Nakuuliza waziwazi. Pasaka inakuja. Tangu mimi msichana, asubuhi ya Pasaka kabla ya chai, baba yako alikuwa akimsomea mama yetu habari ya kaburi tupu, ile ya Yohana. Bibi hakujifunza kusoma, na sasa hata macho yamekwisha. Hii ni Pasaka ya kwanza tangu kaka yangu afariki. Nilitaka kumsomea mimi, kakataa kabisa. "Mwachieni Klementi," ndilo neno lake. Utakuja au huji?

Nijibu bila kuzungukazunguka.

Shangazi yako,
Damari

*

Kizimkazi
22 Januari 1956

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika, nimefurahi kusikia habari za watu na za paka. Pole kwa paa. Mimi nakaa chumba cha uani kwa Mzee Mmanga, watu wema sana, wananilisha mpaka naona haya. Watoto wa skuli ni wakali wa hesabu na wavivu wa kusoma. Msalimie Bibi Khamisa, mwambie kanzu aliyonishonea bado naivaa.

Umesema nisizunguke, basi sizunguki. Sitakuja kusoma.

Usidhani ni jeuri. Mimi nafundisha historia. Kila siku nawaambia watoto: kabla hujaikubali habari, uliza nani kaiandika, kaiandika lini, na yeye alikuwapo? Nikiwaambia hivyo siku za kazi, na Jumapili mimi mwenyewe nisiulize, nitawatazama vipi usoni? Injili ziliandikwa miaka arubaini na zaidi baada ya mambo yenyewe. Wanne hawapatani. Mmoja anasema kaburini palikuwa na mwanamke mmoja, mwingine anasema watatu; huyu kaona malaika mmoja, yule wawili. Kisha zikanakiliwa kwa mkono mamia ya miaka, kila mnakili na usingizi wake, na nakala ya kwanza haipo popote duniani.

Nampenda Bibi, wajua hilo. Na kwa kuwa nampenda, sitamsomea hadithi kwa sauti ya mtu anayetoa habari. Mtafutieni mwingine.

Mwanao,
Klementi

*

Mkunazini
30 Januari 1956

Klementi,

Barua yako ilikaa ndani ya gari la Simai chini ya gunia la muhogo, imenifikia inanuka muhogo na jeuri. Fundi kaja, kalitazama paa, kasema hili litavuja tu. Watoto wa paka wamefumbua macho. Bibi hajambo, anakunywa uji.

Haya, nisikilize sasa, maana mimi nilikuwa nafundisha kabla wewe hujaota jino.

Unasema zimenakiliwa kwa mkono, basi hatujui kilichoandikwa. Mimi nimewaandikisha wasichana imla maisha yangu yote. Nasoma, darasa zima linaandika. Hakuna hata mmoja asiyekosea. Huyu karuka neno, yule kaandika mstari mara mbili, wa nyuma kule alikuwa anasinzia. Lakini hawakosei pamoja! Palipomshinda Tabia, wenzake wote wamepapatia. Siku moja upepo ulinichukulia karatasi yangu ukaitupa mtaroni, nami sikuwa na nyingine. Nikakusanya madaftari yao, nikayapanga mezani, nikaisimamisha habari nzima upya. Palibaki sehemu mbili tatu ndogo ambazo mpaka leo sina hakika nazo, wala hazikuharibu kitu. Sasa hao wanakili walikuwa Misri, Shamu, Rumi, hawajuani kwa sura wala kwa jina. Nani aliyewakusanya wakosee kosa moja? Hao walimu wako wa Kampala hawajapata kusahihisha madaftari?

Unasema miaka arubaini. Mwanangu, Bibi yako alikamatwa na wauza watumwa akiwa mtoto anayeng'oka meno ya utoto, na leo inakaribia miaka sabini. Umekaa barazani petu Ijumaa Kuu tangu ukibebwa. Umewasikia yeye na wenzake waliookolewa naye chomboni wakisimulia, na sheria yao unaijua: kila mtu aseme aliloliona kwa macho yake. Ukileta la kuambiwa, wanakukata palepale, "Nani aliyeona?" Umtaje, au unyamaze. Hata padri mmoja aliwahi kuongeza chumvi kidogo, Bibi akamgeukia, "Nani aliyeona, Baba?" Padri wa watu akanywa chai yake.

Na kila mwaka Bibi alilisema lile lake. Kwamba walikalishwa mchangani, watoto mbele, wanawake nyuma. Kwamba nahodha alikuwa akiwatia wanawake wote katika chombo kikubwa kinachokwenda mbali, na mwenye mtoto anatiwa na mtoto wake. Kwamba alimshika Bibi kidevu, akamgeuza, akamwonyesha mama yake, akamuuliza, "Yule nani wako?" Na Bibi kwa kuogopa kiboko akajibu, "Simjui." Basi akatiwa katika chombo kidogo pamoja na watoto wasio na watu, kikakamatwa na manowari ya Waingereza. Kile kikubwa kilichomchukua mama yake hakikuonekana tena.

Nani aliyemlazimisha kuyasema hayo mbele ya mtaa mzima? Mtu akitaka kutunga habari ya kujipamba, atajitia aibu ya namna ile? Basi mtazame Petro. Alikuwa mkubwa wa kanisa zima, na ile habari ya kumkana Bwana wake mbele ya kijakazi ilisomwa kwa watu waliomjua, waliokula naye. Kwa nini hawakuifuta? Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nshakwambia.

Nakungoja.

Damari

*

Kizimkazi
18 Februari 1956

Shangazi, shikamoo.

Niliandika jibu mara mbili nikalichana. La tatu mbuzi wa Mzee Mmanga alilitafuna dirishani, na nahisi alinifanyia hisani, maana lilikuwa kali. Hapa homa imewalaza watoto wengi, darasa limebaki nusu. Mimi mzima.

Hoja ya imla nimeikubali. Naam, umeshinda hapo, mwambie Pyarali augawie mtaa mzima halua. Tunajua walichoandika. Lakini kujua walichoandika si kujua kilichotokea. Uongo ulionakiliwa vizuri ni uongo ule ule.

Habari ya Bibi nimeitafakari sana, na usinikasirikie. Nilikuwapo barazani, ndiyo. Nilisikia Bibi akisema ilikuwa alasiri, mwenzake mmoja akisema asubuhi. Mmoja alisema nahodha alikuwa chongo, mwingine alisema ana macho yake mawili. Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili. Wote watatu waliotuhadithia walilelewa na misheni, wakabatizwa na misheni, wakaozwa na misheni. Na siku yenyewe ya kusimulia ni ipi? Ijumaa Kuu! Habari ya mtu aliyemkana ampendaye, siku ile ile inayosomwa habari ya Petro. Hulioni hilo, Shangazi? Pengine mtoto mdogo alinyamaza tu mchangani, kisha akakua akisikia habari ya Petro kila mwaka, akajifunza kuikumbuka aibu ambayo hakuwa nayo. Simwiti mwongo. Nasema wote ni mashahidi wa nyumba moja, kama wale wanne wenu.

Nipe mtu mmoja aliyekuwapo pale mchangani, asiye na haja na kanisa. Mmoja tu. Nitanyamaza.

Na jambo jingine. Kila barua unaandika "Bibi hajambo" na kisha unakimbilia mengine. Zamani barua zako zilijaa maneno yake, kamtukana nani, kacheka nini. Amenyamaza, au wewe ndiye unayemnyamazisha?

Klementi

*

Mkunazini
8 Machi 1956

Klementi,

Nimechelewa kwa makusudi. Ningekujibu siku ile, ungeisoma barua huku umeishika kwa koleo. Ati Bibi kajifunza aibu! Ebo! Mwanamke ambaye mpaka leo hawezi kumsikia mtoto akiita "mama" njiani asisimame, unasema kafundishwa na padri? Soma tena ulichoandika, uone haya kidogo, kisha uendelee.

Unataka mashahidi wa nje. Kwanza nikumalizie hao wa ndani. Mwaka wa kesi yetu ya ukuta, mimi ndiye niliyeona jirani akisogeza mawe, kwa macho yangu haya. Baba yako akaambiwa alete mwanamume. Niliyeona sikuhesabiwa, akahesabiwa mtu aliyekuwa Pemba wiki ile! Na zama za Injili zilikuwa hivyo hivyo, tena zaidi. Basi mtungaji gani mjinga, akitaka watu wamwamini kwamba kaburi ni tupu, angempeleka mwanamke awe wa kwanza kuliona? Angetafuta mzee wa mji na ndevu zake. Wameandika wanawake kwa sababu wanawake ndio walioamka kwenda. Na yule Simoni wa Kirene aliyebebeshwa msalaba, kwa nini wamemtaja kuwa baba yao Iskanda na Rufo? Hao vijana hawana kazi yoyote katika habari. Wametajwa kwa sababu watu waliwajua. Ukitaka, nenda kawaulize, baba yenu alibeba au hakubeba? Mwongo hakuachii mlango wazi namna hiyo.

Haya. Shahidi wako.

Wasichana waliotoka katika kile chombo wakakua pamoja walikuwa wanne. Wewe umewajua watatu. Wa nne hatajwi nyumbani kwetu. Alipokuwa mwari akaolewa na mtu wa shamba, akasilimu, akaenda zake, na Bibi akaapa kwamba jina lake hatalitia kinywani. Ameliweka neno lake miaka hamsini na zaidi. Tangu siku ile hawajaonana. Na haya masimulizi ya Ijumaa Kuu yalianza baadaye, Bibi alipokuwa keshatuzaa sisi, basi yule hajapata kuyasikia hata siku moja.

Anaitwa Bi Wanu. Yuko hapo Kizimkazi. Anapiga makumbi ya nazi na kusokota kamba, na bila shaka unampita kila ukienda skuli. Haja na kanisa hana. Akitaka kutukomoa, anayo sababu.

Nenda kamuulize. Usimwambie Bibi husema nini. Muulize yeye aliona nini, basi. Sijui atakujibu vipi, wala sijalala vizuri tangu nilipoamua kuliandika jina lake. Lakini akisema mama yangu kazua, niandikie vile vile alivyosema, usinihurumie. Mimi siogopi kuulizwa. Kama habari zetu haziwezi kuulizwa, basi wewe ndiye uliyesema kweli, nami nitavua miwani nikae kimya.

Bibi hajambo. Ukitaka zaidi ya hapo, njoo umwone.

Damari

*

Kizimkazi
19 Machi 1956

Shangazi, shikamoo sana.

Leo sina habari za mbuzi.

Bi Wanu nimekuwa nikimsalimia kila asubuhi tangu nihamie hapa. Mjukuu wake Msabah namfundisha mimi. Nilimkuta pwani na rungu lake, anayapondaponda makumbi, nikamwambia mimi ni mjukuu wa Khamisa wa Mkunazini. Akaliweka rungu chini. "Yu hai?" akaniuliza. Nikasema yu hai. Akaliokota tena akaendelea kuponda, wala hakunitazama.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilimuuliza tu, siku mlipokalishwa mchangani, wewe uliona nini?

Anasema ilikuwa asubuhi. Nahodha hakuwa chongo, alikuwa na kidonda juu ya jicho kimevimba, kwa hiyo jicho lilijifunga. Watoto mbele, wanawake nyuma. Yeye alikuwa mkubwa kidogo kuliko wengine, hivyo hakukaa na watoto, alikaa nyuma, ubavuni pa mama yake Bibi, mpaka baadaye naye alipotiwa na wadogo katika chombo kidogo. Anasema nahodha alimshika Khamisa kidevu, akamuuliza yule mwanamke ni nani wake, na Khamisa akajibu, "Simjui." Neno lile lile, Shangazi. Sikumtilia mdomoni.

Nikamwambia basi, asante, imetosha, maana nilikwisha kushindwa na nilijua. Akaniambia kaa chini, sijamaliza.

Nahodha hakuanza na watoto. Alianza na wanawake. Alipita mstari wa nyuma akimuuliza kila mmoja, una mtoto hapa? Na mama yake Bibi alijibu, "Sina mtoto." Alisema hivyo kabla Bibi hajaulizwa lolote. Alikuwa amewasikia mabaharia wakisema safari ya chombo kikubwa ni ndefu na watoto wadogo huwa hawafiki. Alimwambia Bi Wanu kwa sauti ya chini, "Wangu namwacha na hawa wadogo." Bibi alikuwa mbele, amewapa mgongo, hakusikia. Na alipojibu "Simjui," mama yake alifumba macho, akashusha pumzi, akasema, "Ewaa." Ndilo neno la mwisho Bi Wanu alilomsikia akisema.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Bibi miaka yote ile. Akanishangaa. "Yeye hakupata kuniambia kwamba amelibeba hilo," alisema. "Na mimi hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

Shangazi, mama yake ndiye aliyemkana kwanza, ili abaki hai. Bibi amejilaumu maisha yake yote kwa neno ambalo mama yake alikuwa anaomba alisikie.

Nilitaka kukuandikia umsomee Bibi. Bi Wanu amekataa. Anasema jambo hili halisemwi kwa karatasi, atalisema aliyeona. Anapanda gari la Simai kesho kutwa, barua hii anaileta mwenyewe. Anahofu kwamba atafukuzwa mlangoni. Tafadhali usimfukuze.

Mimi siji. Nilisema nitanyamaza nami nanyamaza, lakini kunyamaza si kuamini. Vyombo viwili pwani si mtu kutoka kaburini.

Klementi

*

Mkunazini
27 Machi 1956

Mwanangu Klementi,

Ningemfukuza mimi? Nilimkuta Bi Wanu mlangoni na kitita cha kamba kichwani, zawadi, nikamshika mkono nikampandisha ngazi mwenyewe.

Sasa nikwambie nililokuficha. Bibi hajasimama tangu Krismasi. Alianguka uani siku ile ile uliyomwambia Simai huna sikukuu. Nilijua nikikuandikia utakuja mbio, na mimi sikutaka uje kwa huruma, ukasoma kwa huruma, ukaondoka zako na vitabu vyako vimekaa pale pale. Nilitaka nikushinde kwanza. Haya, hasira unayo haki, niletee yote.

Bi Wanu aliketi kitandani pake. Bibi haoni, akauliza, "Nani huyo ananuka makumbi?" Akajibiwa, "Mie Wanu." Klementi, nilifikiri atageukia ukutani. Alinyoosha mkono akamshika usoni, pua, masikio, kila mahali. Hawakusalimiana. Bi Wanu akaanza moja kwa moja, kama alivyokusimulia wewe. Alipofika kwenye "Sina mtoto," Bibi akamkata.

"Nani aliyeona?"

"Mie niliona. Nilikuwa ubavuni pake."

"Alisema kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu haya, Khamisa."

Nikamwinamia Bibi kumsikiliza pumzi. Kisha akasema, "Mjanja yule!" Akacheka. Mama yangu akacheka, meno yote hakuna, akacheka na kulia pamoja, na Bi Wanu naye, nikawaacha nikaenda jikoni chini ya paa langu linalovuja nikalia peke yangu. Bi Wanu hajaondoka. Ametandika mkeka wake kando ya kitanda cha Bibi, anaswali sala zake pale pale, na kutwa wanabishana kama ilikuwa asubuhi au alasiri.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hukuandika "Bi Wanu anadai." Hukuandika "inasemekana." Umeandika, "Mama yake ndiye aliyemkana kwanza." Umeamini! Shahidi mmoja. Mwanamke. Kizee. Mambo ya miaka sabini. Karatasi hakuna, nakala ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Na katika mambo madogo hapatani na mwenzake. Ewe mwalimu wa historia, maswali yako uliyasahau pwani? Uliamini kwa sababu ulimtazama aliyeona, ukamjua kwamba hasemi uongo. Hicho ndicho ninachokupigia kelele tangu Januari. Waliomwona Bwana walikuwa watu wa namna hiyo, wakaulizwa na watu wa namna ya Bibi, wakajibu. Si lazima unikubalie. Lakini usiniambie tena kwamba mimi naamini kijinga na wewe unaamini kwa akili.

Jumapili ni Pasaka. Bibi hajasema lolote juu yako. Ananiambia tu niweke kiti kando ya kitanda.

Kiti kipo.

Damari

*

Kizimkazi
4 Aprili 1956

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama. Mzee Mmanga anashukuru kwa maandazi, watu hapa wameanza kujitayarisha kwa Ramadhani, na Msabah ananiuliza bibi yake atarudi lini. Nimemwambia sidhani kama atarudi. Hasira yangu nilikuletea na uliipokea mlangoni, sina haja ya kuirudia, ila ukinificha tena habari ya Bibi sitakuandikia mpaka nizeeke.

Kuna jambo hukuliona, maana asubuhi ile ulikuwa jikoni unagombana na Bi Wanu juu ya sukari ya chai. Nimeona nikuandikie kabla Bibi hajakusimulia akaliongezea chumvi.

Nilikaa kwenye kiti. Njiani nilikwisha kukata shauri kwamba nitasoma tu, kama ninavyosoma kitabu chochote darasani, ili mzee afurahi. Nikasoma. Nilipofika pale yule mwanamke analia kaburini, anageuka, anaitwa kwa jina lake, Bibi akainua mkono.

"Simama hapo. Nani aliyeona?"

Nilidhani amechanganyikiwa, anafikiri ni Ijumaa Kuu barazani. Nikamuuliza kama baba yangu naye alikuwa akiulizwa hivyo.

"Kila mwaka," akasema. "Na alikuwa akijibu. Wewe unajibu?"

Shangazi, majibu ninayo mengi. Ningesema inasemekana. Ningesema ndivyo Yohana alivyoandika. Ningesema wataalamu hawajapatana. Yote hayo yalinijia mdomoni, na nilijua Bibi angeyakataa yote. Sheria yake ni moja, umtaje au unyamaze. Na kunyamaza kuliruhusiwa. Asingenilaumu, angegeuka akalala.

Nikamtazama. Nikamkumbuka Bi Wanu na rungu lake, "hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

Nikasema, "Mariamu wa Magdala."

"Kwa macho yake?"

"Kwa macho yake, Bibi."

"Basi endelea."

Usilichukue hilo ukalitangaza dukani kwa Pyarali. Vitabu vyangu bado viko mezani, na nina hoja mpya juu ya tarehe za Luka ambayo itakunyima usingizi, jitayarishe. Sijui nilijibu kwa sababu naamini au kwa sababu sikuweza kumwita yule mwanamke mwongo mbele ya Bibi. Lakini nilijibu. Nilipojibu sikuwa nikidanganya, na hilo limenikalisha macho wazi tangu Jumapili.

Bibi alisinzia kabla hatujamaliza mlango ule wa ishirini wa Yohana. Tuliishia pale wenzake wanamwambia Tomaso kwamba wamemwona Bwana, naye anawaambia mpaka atie kidole chake. Mwambie Bibi asimruhusu mtu mwingine amsomee kipande hicho. Naja Jumamosi na gari la Simai. Hicho ni changu, nitakisoma mwenyewe.

Klementi